Hapana ya Bwana Rintoul

Kiharusi kilimpiga Gavin Rintoul mezani, kijiko cha uji wa shayiri kikiwa njiani kwenda mdomoni. Kesho yake watu wa mji wa Dunedin walikuwa wachague meya, na jina lake lilikuwa limebandikwa kila ukuta. Upande wa kulia wote ulikufa ganzi. Katika maneno yote aliyowahi kuwa nayo, na alikuwa msemaji hasa, likabaki moja tu: hapana.

Mkewe, Euphemia, alitaka kutangaza. Tulloch, mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa akimfanyia kampeni, akasimama mlangoni.

"Shemeji, ukifungua mdomo tumekwisha. Mpinzani wetu Pettigrew atapita bila kutoka jasho."

"Mume wangu hawezi hata kumeza mate, Tulloch!"

"Meya hahitaji kumeza. Anahitaji kuonekana."

Asubuhi Tulloch na watu wake wakamvika Gavin koti na kumbeba hadi kwenye gari la farasi. "Hapana," alisema Gavin, jicho lake zima likimtafuta mkewe. "Hapana, hapana." Euphemia aling'ang'ania mkono wa koti mpaka Tulloch akambandua vidole, taratibu, kama mtu anayemwondoa paka kwenye kiti.

Euphemia akapanda na mumewe. Angefanya nini?

Mbele ya ukumbi wa kupigia kura watu walikuwa wamejaa tele, manyunyu yakiwalowesha. Mchimba dhahabu mmoja akapaza sauti: "Rintoul! Utatupandishia kodi?"

"Hapana!"

Umati ukalipuka kwa vifijo.

"Utawaogopa matajiri wa kule mlimani?"

"Hapana!"

"Huyo ndiye mwanamume! Harembi maneno!"

Euphemia akasimama garini. "Ni mgonjwa!" alipiga kelele. "Jamani, mume wangu ni mgonjwa!"

"Mgonjwa wa kuchoshwa na Pettigrew!" mtu akadakia, na kicheko kikaizamisha sauti ya Euphemia. Akarudia tena na tena hadi koo likakauka. Waliokuwa karibu walimpungia kofia.

Jioni Gavin akatangazwa mshindi. Wakamnyanyua juu juu na kumwingiza kwenye karamu, karamu ya wanaume tu. Bawabu akamzuia Euphemia kwa heshima zote.

"Mama Meya, nenda kapumzike. Tutakurudishia mzee wako salama."

"Nipitishe, mwanangu. Hawezi kula peke yake."

"Watamlisha, mama. Leo nani asiyetaka kumlisha?"

Mlango ukafungwa. Ndani walianza kugonga meza, wakimtaka meya wao atoe hotuba.