Samaki wa Saba wa Ziwa Burnham

Tangu mwezi wa Septemba Mzee Bronek Rogala alikuwa akila mayai mawili kila asubuhi, wala si kwa kuyapenda. Alichotaka ni maganda. Aliyaosha, akayakausha juu ya jiko na kuyaweka katika ndoo nyuma ya mlango, na kufikia Krismasi ndoo ilikuwa imejaa. Watu wa Ziwa Burnham wote hufanya hivyo. Ziwa likishaganda, mtu hukata tundu katika barafu, husimamisha kibanda juu yake, kisha humwaga maganda yakatanda chini kwenye tope kama kitambaa cheupe. Samaki mweusi akipita juu ya weupe ule, huonekana.

Na samaki anayengojwa ni mmoja tu, sturjeni. Hana magamba, ana mifupa mgongoni kama msumeno na masharubu chini ya mdomo, na akiachwa huishi miaka mingi kuliko binadamu. Mzee Bronek alikuwa amemngoja kwa majira hamsini na mawili ya baridi, chusa mkononi, na hakuwa amempata hata mmoja. Jirani yake Leon Kurek alikuwa amepata wanne, vichwa vyao akavipigilia misumari kwenye ukuta wa ghala, upande unaotazama dirisha la jikoni la Bronek.

Mwaka ule mapafu ya mzee yalikuwa yamechoka. Daktari alimwambia Novemba, bila kuzunguka, kwamba asipange mambo ya mwaka unaofuata. Bronek alimshukuru, akarudi nyumbani, akaendelea kula mayai.

Halina, bintiye wa pekee, aliijua habari ile wiki moja kabla ya gavana kumpigia simu. Alikuwa amefanya kazi ya utaalamu wa samaki serikalini kwa miaka ishirini na miwili, akisimama mitoni na viatu vya mpira hadi kiunoni. Sasa gavana alitaka kumteua Mkurugenzi wa Maliasili wa jimbo zima. Seneti ya jimbo ilimkalisha kitako kwa muda wa saa mbili ikimuuliza juu ya misitu, bustani, boti na kulungu, ikampitisha. Kuanzia Januari, kila mti wa serikali ulioanguka barabarani, kila dubu aliyefungua pipa la taka, kila mwindaji aliyekosa kibali, lawama zilimfikia yeye. Na kila msimu wa kuwinda au kuvua katika jimbo lile, kaskazini kabisa mwa Marekani, ulifunguliwa na kufungwa kwa neno lake.

Msimu wa sturjeni wa Ziwa Burnham ulikuwa mfupi kuliko yote. Samaki sita tu kwa ziwa zima, basi. Huenda ukachukua siku tatu, huenda ukaisha kabla chai haijapoa. Wa sita akishatolewa majini, afisa humwarifu mkurugenzi kwa redio, mkurugenzi husema neno, na vyusa vyote hutolewa majini. Kabla ya neno hilo, ziwa liko wazi. Wakurugenzi waliomtangulia walilisema neno wakiwa ofisini mjini, kilomita mia tatu kutoka pale. Halina aliamua kwenda kulisema barafuni. Aliwaambia wasaidizi wake kwamba ni vizuri wananchi wamwone. Hilo lilikuwa kweli, lakini ukweli wote ni kwamba alitaka kuwa karibu na baba yake, na alitaka mzee ampate samaki wake. Hata ukurugenzi hakuwahi kuutaka hivyo.

Jumamosi ya kwanza ya Februari, kabla ya saa mbili asubuhi, watu walikuwa wamejaa ukingoni. Leon Kurek alimwona Halina akishuka garini.

"Mheshimiwa Mkurugenzi! Kulungu wako wamemaliza kabichi zangu."

"Wangu tangu lini, mjomba Leon?"

"Tangu Januari. Kabla ya hapo walikuwa wa Mungu, nilikuwa nalalamika kanisani."

"Basi endelea kulalamika huko. Foleni yake ni fupi."

Watu walicheka. Leon akamgeukia Bronek, aliyekuwa akivuta kijisledi cha kuteleza juu ya theluji, chenye ndoo na chusa, akipumzika kila hatua kumi. "Na wewe, baba wa mkurugenzi, mwaka huu binti amekuwekea samaki akiba?"

"Ameniwekea wa kwako," alisema Bronek. "Usimguse."

Delbert Cadotte, afisa aliyesimamia ziwa lile miaka mingi, alimpa Halina redio ndogo yenye waya wa kuweka sikioni. Saa mbili ikagonga, ziwa likanyamaza. Vibanda mia mbili, na ndani ya kila kimoja mtu akitazama chini.

Wa kwanza alipatikana baada ya dakika kumi na saba. Wa pili na wa tatu wakafuatana. Halina alitembea kati ya vibanda akisalimia watu na kupigwa picha na watoto. Alikuwa akihesabu kimoyomoyo na kuona haya kwa kuhesabu kwake. Delbert alipotangaza wa tano, haikuwa imefika hata saa nne. Halina alichukua chupa ya supu ya kiazisukari chekundu aliyoipika usiku uliopita, akaenda kwenye kibanda cha baba yake.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Mkurugenzi hakupaswa kuingia kibandani kwa mtu wakati ziwa liko wazi, sembuse kwa baba yake.

Ndani kulikuwa giza tupu, isipokuwa tundu. Maji yalitoa mwanga wa kijani, na chini kabisa maganda yaling'aa. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono wa kushoto ukichezesha majini kwa uzi kisamaki cha mti cha kumvuta samaki, wa kulia umeshika chusa. Sikio lake la kulia lilikuwa halisikii tangu ujana, tangu enzi zake za kupasua mbao kwa msumeno wa mashine, na Halina aliketi upande huo kama alivyoketi akiwa msichana wa miaka minane. Tangu wakati ule walikuwa na desturi yao, na ilikuwa desturi ya vibanda vyote: mwenzako akikugusa mkono, maana yake ngoja, bado, acha kichwa kipite kwanza. Humwulizi sababu. Macho yake yameona lisiloonekana na yako.

Maganda yakaanza kuzimika.

Yalizimika upande mmoja, polepole, kama wingu linavyofunika shamba. Kisha kichwa kikaingia, kipana, na masharubu yakipapasa. Mwili ukafuata, ukafuata, haukwisha. Halina alikuwa ameshika maelfu ya sturjeni kazini, na hakuwa amemwona wa ukubwa ule. Alijua mara moja kwamba ni jike, na kwamba ana mayai, na kwamba alizaliwa kabla ya Bronek mwenyewe.

Chusa cha mzee kikapanda.

"Bosi," Delbert alisema sikioni mwake, "wa sita yuko juu ya barafu. Mzee Kurek. Nangoja neno lako."

Baba yake hakusikia. Hakuna aliyesikia ila yeye. Neno lilikuwa halijasemwa, kwa hiyo ziwa lilikuwa wazi. Kama angenyamaza muda wa kuvuta pumzi mbili, samaki yule angekuwa halali, na hakuna mtu jimboni ambaye angemwuliza lolote. Alifikiri juu ya vichwa vinne ukutani kwa Leon. Alifikiri juu ya daktari.

Akaunyoosha mkono, akamgusa baba yake.

Mzee alingoja. Chusa kilibaki hewani. Kichwa kikapita, mgongo wa msumeno ukapita, mkia ukasukuma maji mara moja, taratibu, na maganda yakawaka tena chini, yote.

"Funga," Halina alisema kwenye redio. "Funga ziwa."

Bronek aligeuka. "Unaongea na nani?"

Akamwambia. Alimsogelea upande wa sikio zima na kumwambia kila kitu, hata lile ambalo angeweza kulificha: kwamba alipomgusa alikuwa hajasema neno. "Kisheria ungeweza kumpiga, baba."

"Kisheria."

"Ndiyo."

"Lakini angekuwa wa saba."

"Wa saba. Na ni jike."

Mzee aliweka chusa ukutani. Akafunga uzi wa kisamaki chake, akafunika ndoo. Hakuigusa supu. Walitembea hadi ukingoni, Halina akivuta sledi. Hakujutia alichofanya, na bado alitamani barafu ipasuke immeze.

Ukingoni Leon alikuwa amezungukwa na watu, samaki wake amelazwa kwenye theluji. "Bronek! Mkurugenzi mzima kibandani mwako, na mmetoka mikono mitupu?"

Watu waliokuwa wakicheka wakamgeukia Halina, maana lile lilikuwa swali pia: mkurugenzi alitafuta nini kibandani mwa baba yake ziwa likiwa wazi? Delbert alitazama chini. Halina alifungua mdomo.

"Tumemwona," Bronek alisema kabla yake. "Huyu wako ni mjukuu wake."

"Mbona hukumpiga?"

"Si ulishapata wa sita, bwege wee? Ningempiga wa nini?"

"Ulijuaje nimepata?"

"Binti yangu alinigusa mkono."

Leon alimtazama Halina kwa muda, kisha akamtazama rafiki yake. Hakuwa na utani tena. Alichomoa kisu, akakata kipande cha mnofu kinene kama Biblia, akakifunga gazetini na kukiweka ndani ya sledi ya Bronek. Aliyepata humkatia aliyekosa, ndivyo ilivyo pale, lakini si kipande kile cha tumboni, kilicho bora kuliko vyote.

Garini, walipofika njia panda ya kanisa, mzee alisema:

"Mama yako angekuwa hai, angekuzaba kofi."

"Najua, baba."

"Halafu angekupakulia chakula." Alikohoa, akangoja pumzi irudi. "Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Lakini ungeniacha nimpige, ningefurahi wiki moja, na wewe ungeanza kunikwepa. Nakujua. Ungekuja ukakaa ukitazama viatu. Mimi sina siku za kukwepana na mtu." Kisha akasema, akiwa ametazama dirishani, "Asante."

Halina alisimamisha gari kando ya barabara kwa sababu hakuona tena njia.

Baada ya hapo alikuja kila Jumamosi, zikawa kumi na moja. Alikuja na makaratasi yake, maana kazi ile haina Jumamosi, na mzee aliyasikiliza yote kutoka kitandani na kutoa hukumu: msitu huu usikatwe, boti zile zipigwe marufuku, kulungu waongezewe siku za kuwindwa, hasa karibu na kwa Leon. Walikula ule mnofu wa tumboni kidogo kidogo, na vitunguu. Mzee alimsimulia mwuguzi, kasisi na fundi wa bomba habari za jike lile, mita mbili na zaidi, na kila mara alimwonyesha Halina kwa kidole gumba na kusema huyu ndiye aliyenizuia. Alisema kwa majivuno. Katika miaka yote aliyobaki ofisini Halina alisifiwa mara nyingi na watu wakubwa, na hakuna sifa aliyoishukuru kama kidole kile.

Jumamosi ya kumi na moja, ya mwisho kwao, ilikuwa Aprili ikiisha. Mzee alilala karibu mchana wote, na Halina aliketi kando ya kitanda akitia saini. Jioni alifumbua macho.

"Leo umefunga nini?"

"Sijafunga kitu, baba. Leo nimefungua mito kwa wavuvi."

"Yote?"

"Yote."

"Vizuri," alisema, akamwomba amgeuzie mto wa kichwani upande wa baridi.