Ng'ombe Aliyekutwa Masijala

Zita hakumpenda Gerald tangu siku ya kwanza, wala hakujisumbua kuficha. Kijana katoka Hirbadaw, kaingia masijala ya ardhi hapa Mbulu na kompyuta mgongoni, na baada ya wiki mbili anasema majalada yote, hata yale ya zamani ya Hanang, yamepigwa picha, sasa yachomwe. Zita ameyalinda na panya miaka ishirini na miwili. Jalada likiungua bila picha, mwenye shamba hana tena ushahidi, na wapo wanaosubiri hilo tu.

Magunia ya majalada yalikuwa tayari shimoni nyuma ya ofisi. Evarist, mlinzi, alishika kiberiti akingoja Zita atie sahihi.

"Mama, nimeandika skripti, maagizo ya kuitafutisha mashine picha za kila jina," Gerald alisema. "Majina elfu moja na mia mbili. Kwa yote imejibu IPO."

Yote? Zita akaguna. Hata karani mwaminifu hupoteza jalada moja. Huyu katumwa, alijisemea.

"Tafuta Malkia Basili, Yaeda Chini."

Gerald akaandika. IPO, ikajibu kompyuta papo hapo.

"Malkia ni ng'ombe wangu," Zita alisema. "Hajawahi kuomba shamba. Nani kakutuma, mwanangu?"

Gerald alisoma skripti yake upya, midomo ikicheza, kisha akashika kichwa.

"Nimekosea, mama. Mashine ikimaliza kutafuta bila hitilafu inasema salama, hata kama haikupata kitu. Mimi nikadhani salama maana yake imepata. Sikuangalia imeleta nini."

"Maneno tu hayo," Zita alisema.

Gerald akarekebisha mstari mmoja, skripti ihesabu kwanza kilichopatikana. Malkia: HAIPO. Akaipitisha orodha nzima, na majina yasiyo na picha yakaanza kumwagika. Zita aliinama asome ni mashamba ya nani yaliyolengwa. La tatu lilikuwa Perpetua Gidahosh, Hirbadaw.

"Huyo ni mama yangu mzazi," Gerald alisema. Gunia la Hirbadaw alikuwa amelibeba yeye mwenyewe hadi shimoni asubuhi.

Alitoka mbio. Zita alipofika dirishani, alimwona shimoni amepiga magoti, anafungua kamba ya gunia kwa meno. Mwizi gani achome jalada la shamba la mama yake? Aibu ilimshika Zita mpaka masikio yakawaka.

"Evarist, nipe hicho kiberiti," aliita, akatoka kwenda kumsaidia.