Ukingo wa Kushoto wa Televisheni

Jumapili baada ya chakula cha mchana, mwalimu wa udereva alifunga mapazia ili mwanga usipige kwenye kioo, akaunganisha kompyuta na televisheni, kisha akamwambia mkewe afunge mkanda. Mikanda hiyo aliing'oa kwenye gari bovu la kufundishia akaipigilia kwenye makochi. Kochi la tatu, la binti yao, nalo lilifungwa mkanda, ingawa halikuwa na mtu. Sheria ni msumeno.

Televisheni ilikuwa kubwa kuliko dirisha. Binti ndiye aliyetuma pesa za kuinunua, mwaka ule alipokwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Baba aliitumia kurushia ndege za kwenye kompyuta, maana kioo kidogo, alisema, humfanya rubani aonekane anachungulia watu bafuni.

Siku sebule ilipopaa mara ya kwanza, aliyelalamika ni mwenye nyumba peke yake.

"Ruka tu, mwalimu," alisema akiwa chini, mikono kiunoni. "Ila ukirudi uiweke palepale ulipoitoa. Na kodi haisimami eti kwa sababu chumba kiko angani."

"Usijali, mama. Nisipojua kuegesha mimi, atajua nani?"

Tangu hapo, kila Jumapili walikwenda kwenye mji aliko binti. Safari ilichukua muda wa chai kupoa. Walitua, wakautazama uwanja kwenye kioo, hawakumwona, wakarudi. Mlango hawakuufungua, kwa kuwa hawakuwa na viza. Mama alikaa na jozi ya viatu mapajani, viatu laini vya mtu anayesimama kutwa.

"Kwenye simu anasema huwa anatuona," alisema mama. "Anapunga mkono mpaka bega linamuuma."

"Anapungia wapi? Mbona uwanja mtupu? Huenda amekosea uwanja."

"Aishi yeye huko, halafu akosee yeye?"

"Mke wangu, rubani haonyeshwi njia na abiria."

Jumapili moja injini zilianza kukohoa wakati wa kutua. Kipimo cha mafuta hukaa pembeni kabisa, kushoto, na baba hakuwa amekiona tangu aanze kuruka. Akakumbuka kwamba televisheni si kioo cha kompyuta: ilikuwa imeikuza picha na kuzikata kingo zote. Walipotua alibonyeza rimoti mpaka akafika kwenye ukubwa wa picha, akachagua picha nzima. Picha ikanywea kidogo. Kipimo kikatokea. Nyuma ya kipimo ukatokea uzio, na kwenye uzio binti yao, amevaa aproni, anapunga mkono.

"Mafuta bado yapo," alisema baba.

Mama alifungua mkanda, jambo lisiloruhusiwa kabla ya injini kuzimwa, akafungua mlango.

Ofisa wa uhamiaji alimleta binti mpaka kizingitini. Aliikagua sebule, akainama kuchungulia chini ya makochi.

"Shikamoo, mzee. Sebule haina tatizo," alisema kwa adabu. "Tatizo ni huyu. Hana pasipoti."

"Iko wapi?" aliuliza baba.

"Kabatini kwa bosi," alisema binti. "Aliichukua siku niliyofika. Anasema ananitunzia."

"Na kwenye simu ukasema uko salama."

"Simu yenyewe ni yake, baba."

Mama alipiga magoti upande wake wa kizingiti, akamvisha viatu upande wa pili.

"Vinabana?"

"Havibani, mama." Kisha binti akanyoosha shingo kutazama ndani. "Baba, televisheni inaonyesha vizuri?"

Baba aliishika rimoti kwa mikono miwili.

"Vizuri, mwanangu. Ilikuwa inakata kingo tu."

Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Binti aliitazama, akaondoka mbio, na viatu vipya havikutoa sauti.

Mama akafunga mlango. Baba akazima injini, akaziwasha tena kwa kufuata utaratibu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akanyoosha mkono kukaza mkanda wa kochi la tatu, kisha akaomba ruhusa ya kuondoka.

Ruhusa ilitolewa papo hapo.