Geti la Wamama wa Mabeseni

Jumatatu saa tatu asubuhi, mashine ya Jovia ilikwama kwenye ukurasa wa elfu nane na mia mbili. Jovia aliandika kurasa za msaada za programu ya kupitishia mizigo mpakani Busia: fomu ya tanki la mafuta jaza hivi, ya ng'ombe jaza vile. Kurasa zilikuwa elfu tisa, na zote zilitakiwa zifungwe ziwe faili moja. Mashine ikaandika kwamba memori imeisha.

"Punguza," alisema bosi wake, Owori, macho kwenye simu. "Anza na mizigo ya bei ndogo."

Bei ndogo kabisa ilikuwa ya wamama wanaovuka kwa miguu na mabeseni. Jovia akautoa ukurasa wao wa geti la miguu, faili likafungika. Saa nne akapigiwa simu na mama yake, Taaka, aliyekuwa amevuka alfajiri kuuza mihogo upande wa Kenya.

"Jovia, geti ya miguu iko wapi? Naona ukuta tu."

"Nimeitoa, mama. Mashine ilijaa."

"Haya. Sasa mimi narudi aje?"

Wamama arobaini walikuwa wamesimama pale na mabeseni matupu. Askari waliwaeleza kwa upole kwamba geti hakuna, na kweli halikuwapo. Ukuta ulikuwa na kuvu ya miaka mingi. Malori hayakuwabeba, maana ukurasa wa abiria ulitolewa mwaka jana.

Dawa ya tatizo hili Jovia aliijua, wala haikuwa uganga. Jumatano alizigawa kurasa mafungu manne, akafunga moja moja, kisha akayaunganisha kwa orodha moja ya yaliyomo. Kila kitu kikaingia. Geti likarudi pamoja na mlinzi wake, akipiga miayo. Wamama sita wakapita. Taaka alikuwa bado anajitwisha beseni.

Hapo Owori akayaona mafungu. "Mteja alilipia faili moja. Hivi viraka vya nini?"

"Basi ongeza memori, bosi. Mama yangu yuko ng'ambo."

"Pole sana," alisema Owori, na pole yake ilikuwa ya kweli. Akayafuta mafungu, geti likawa ukuta tena.

Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Sawa, lakini umpishe mpaka wapi? Jovia alilia chooni, akanawa uso, akarudi kwenye kiti.

Taaka akapanga chumba ng'ambo kwa Leonida, muuza chapati. Kila Ijumaa Jovia alimtumia dawa ya presha kwa mkono wa Olupot, dereva wa lori. Ilikwenda vizuri wiki tatu. Wiki ya nne zikaja kurasa mpya za saruji, mashine ikakwama. Sasa bei ndogo kabisa ilikuwa ya vifurushi vya ndugu kutumiana. Jovia alikaa na kidole juu ya kitufe hadi Owori akakohoa. Akabonyeza.

Ijumaa saa tisa, Taaka alipiga simu.

"Dawa leo haikukuja."

"Haikuja, mama."

"Basi. Wewe umekula?"