Kabla ya Tangazo

Tonny, fundi wa kompyuta, alipoleta seva zake mbili pale redioni Kitale, mwaka 2006, chumba alichokitaka kilikuwa changu. Si kwa hati, lakini miaka yote niliyopokea wageni wa stesheni ile nilichemshia chai humo. Ati ndicho chumba chenye baridi. Akatoa jiko langu barazani, akapanga mashine zake, na tangu siku hiyo sisi tukanywa chai yenye vumbi huku mashine zikila upepo wa Mlima Elgon. Sikumpenda, na sikuficha.

"Mama Cherono, usininunie bana," aliniambia. "Hii moja ikikufa, ile ingine inabaki na kila kitu."

Kazi yake ilikuwa kuhamisha kanda zetu za zamani ziingie kwenye seva: nyimbo, mahubiri, vipindi vya ukulima. Matangazo ya vifo hayakuwemo. Nafasi ni ndogo, alisema, na nani atasikiliza tangazo la mtu aliyekwisha kuzikwa? Kanda hizo akazitia kwenye katoni, azifute zitumike tena. Meneja akakubali.

Jumanne moja akaingia mama mmoja kutoka Bungoma, kiatu kimoja kimekatika mkanda amekishika mkononi.

"Naitwa Nakhumicha," akasema. "Nimekuja hapa kwa ledio kutafuta jina yangu."

Nikamketisha, nikampa chai. Mumewe, mzee Wekoye, alifariki mwezi wa nne, na tangazo likasomwa kwetu. Sasa, huku kwetu tangazo si la kuwaita watu matangani tu. Watu huongeza sauti ya redio wasikie nani ametajwa na nani ameachwa. Aliyetajwa ni wa boma, na Nakhumicha, mke wa pili, alitajwa. Lakini shemeji yake, Wakoli, alikuwa akisema hakuwa mke bali mfanyakazi wa nyumbani, na kwamba aliwahonga watu wa redio wamtaje. Alhamisi chifu angekaa na ukoo kuamua kama yeye na watoto wake watatolewa kwenye shamba.

"Tangazo lililetwa na nani?" nikamwuliza.

"Peris, mke mkubwa."

"Si yeye ndiye aseme ukweli?"

"Peris? Tangu tuzike mzee hajaniongelesha. Wakoli ndiye anamlisha. Atasema nini?"

Nilimwuliza Kimutai, mtangazaji wetu, lakini amesoma vifo vingi mno, hakukumbuka. Nikaenda kwa Tonny. Nilimkuta na ile katoni miguuni, kanda nyingi zimeshafutwa.

"Ya mwezi wa nne umefuta?"

"Ndio naanza. Kwani?"

"Weka chini," nikasema, kwa sauti ninayowatolea watoto wangu. Nikamweleza. Nitamsifu kwa hili: hakubishana. Alimwita Nakhumicha, akafungulia kanda, tukabanana watatu katika chumba changu kile tukisikiliza wafu wa mwezi wa nne mmoja baada ya mwingine.

Kitufe cha kurekodia cha Kimutai hukwama, kwa hiyo yeye hukibonyeza mapema, mgeni akiwa bado anazungumza. Hewani tunaruka sehemu hiyo. Ndipo nikasikia yote ambayo sikuwahi kuyasikia: watu wakikohoa, benchi likiburutwa, mzee mmoja akiuliza choo kiko wapi.

Kisha sauti ya mwanamke. Nakhumicha akanishika goti. "Ni Peris."

"Watoto ni hao," Peris alikuwa akisema.

"Na mjane ni wewe peke yako, mama?" akauliza Kimutai.

Kukawa kimya, mpaka Tonny akanyoosha mkono akidhani kanda imekwama.

"Shemeji amesema ni mimi peke yangu," akasema Peris. "Lakini ongeza Nakhumicha. Weka yeye baada ya mimi. Yeye ndiye amelisha mzee na kumwosha mpaka mwisho, mimi mgongo ilinishinda. Shemeji akiniuliza nitamwambia ni nyinyi mlikosea."

Tangazo lenyewe likafuata, na jina lake limo, lakini Nakhumicha hakulisikia. Alikuwa amejifunika uso kwa leso akilia. Nami nililia, sioni aibu kusema. Tonny alijifanya anakaza waya.

"Mama, umeshinda," alimwambia Nakhumicha baadaye. "Nakutolea kanda, unaichezea chifu."

"Toa hiyo maneno ya mbele. Uniachie jina tu."

"Jina tu haisaidii. Si watasema ulihonga?"

"Najua. Lakini Wakoli akisikia hii, hata Peris atafukuzwa. Mtu amenisitiri, na mimi nimwanike?"

Nilimkasirikia sana. "Na watoto wako je?"

"Hata yeye wanamwita mama," akanijibu. Akafikiri kidogo. "Basi niwekee yote. Lakini Peris asikie kwanza. Akikataa, naichoma."

Akaondoka na kanda ameifunga kwenye pindo la leso.

Ijumaa simu ya mezani kwangu ikalia. Ilikuwa Nakhumicha.

"Kanda ilicheza vizuri?" nikamwuliza hata kabla ya salamu.

"Haikucheza."

Akanieleza kwamba Peris aliisikiliza jikoni kwake mpaka mwisho, akaizima, akaenda kulala bila neno. Kwa chifu, Wakoli akasema mpaka akachoka. Chifu akamwuliza Nakhumicha kama ana shahidi. Kanda ilikuwa palepale, kwenye leso yake.

"Nikasema sina," akaniambia.

"Wewe!"

"Ngoja. Peris akainuka, ameshika mgongo. Akatoka kule kwa kina Wakoli, akakuja kuketi na mimi. Akasema, 'Ni mimi nilimtaja. Na leo namtaja tena.'"

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Tunabaki, mama. Sisi wote wawili. Chifu amesema tunabaki."

Nilimweleza Tonny. Aliivuta katoni karibu na seva, akaanza kuhamisha matangazo yaliyosalia, na hakukata hata kikohozi. Jioni nilimpelekea chai mwenyewe.