Mikono ya Joab

Uji uligoma kushuka Jumamosi saa tisa alasiri. Joab Opondo alisukuma sirinji tena. Haukusonga. Mpira wa kulishia uliotoka tumboni mwa mkewe, Monicah, ulikuwa umeziba, na tangu saratani ifunge koo lake hakuwa na njia nyingine ya kula wala kunywa.

"Pole pole, Baba Maxine," Monicah alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Niko pole pole."

Hakuwa pole pole. Alitoka zamu ya usiku kwenye boila ya kiwanda cha chai saa moja asubuhi, akafua mashuka, akasaga vidonge akavipitisha kwenye mpira, akapika uji na kuuchuja mara mbili. Ila baada ya vidonge alisahau kusuuza mpira kwa maji. Alilikumbuka hilo sasa, na hasira ya kujilaumu ikampanda. Mikono ilianza kutetemeka. Akaikamata sirinji kwa nguvu zote na kusukuma.

Mpira ulivutika. Monicah akajikunja kitandani akitoa mlio mdogo, na pale mpira ulipoingilia ngozi pakatokea tone la damu.

Joab alinyoosha mkono kumgusa.

"Usinishike," Monicah akasema. "Ngoja kwanza."

Alisimama na sirinji mkononi, asijue aende wapi. Hatimaye alichukua simu na kumpigia Sista Priscah, muuguzi wa kliniki ya wagonjwa wa saratani.

"Mpira umeziba," alisema. "Hajala tangu asubuhi. Mikono ilinitetemeka nikamuumiza, kuna damu."

"Damu inatiririka?"

"Hapana. Ni tone tu, limeshakauka."

"Mpira umetoka nje hata kidogo? Angalia ile alama niliyochora."

Alama ilikuwa mahali pake.

"Sawa. Sasa weka sirinji mezani. Kaa kwenye kiti. Kunja ngumi zote mbili."

Joab alijua anapelekwa wapi. Wiki tatu nyuma, Sista Priscah aliwaketisha watu wote waliokuja na wagonjwa wao na kuwafundisha kukaza viungo na kuvilegeza. Joab alitoka nje kabla hawajamaliza. Mgonjwa ni mke wangu, aliwaza, mimi nina nini?

"Sista, mtu ana njaa hapa, na wewe unaniambia nikunje ngumi?"

"Ukimgusa kwa mikono hiyo utautoa huo mpira, na leo Jumamosi hakuna daktari wa kuurudisha. Baba Maxine, kunja ngumi."

Akakunja.

"Kaza. Hesabu hadi tano. Sasa achilia yote mara moja, na pumzi uitoe taratibu kwa mdomo. Mabega nayo, yapandishe hadi masikioni. Shikilia. Achilia."

Mara ya kwanza hakusikia lolote ila aibu. Mara ya pili mabega yalipoanguka aliyahisi kuwa mazito mno, kana kwamba amebeba kuni kutwa. Mara ya nne pumzi ilitoka ndefu, ikakatika katikati, na machozi yakaja. Sista Priscah alimngoja.

Alipotazama mikono yake, ilikuwa imetulia.

"Maji ya uvuguvugu," Sista alisema. "Vuta kidogo, sukuma kidogo. Ukikataa, acha maji yakae humo dakika kumi. Usishindane nao."

Joab alimgeukia mkewe. "Nikushike sasa?"

Monicah aliitazama mikono ile kwa muda kabla ya kuitikia kwa kichwa.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Wakangoja dakika kumi, macho ya wote wawili yakiwa kwenye saa ya simu. Jaribio la pili, kitu kililegea, maji yakashuka. Joab alimimina uji kidogo kidogo mpaka ukaisha, kisha akasuuza mpira.

"Nimekuwa nikiogopa mikono yako," Monicah alisema, akiangalia dari. "Tangu mwezi wa sita. Nikisikia unaweka sufuria kwa kishindo, najifanya nimelala."

Joab aliiweka sirinji mezani.

"Mpigie Wilkista aje," Monicah akaendelea. "Ni dada yako, si mgeni. Wewe huwezi peke yako, na mimi siwezi kuwa chakula cha hasira zako."

"Nitampigia leo."

"Mpigie sasa. Halafu ulale."

Alipiga. Akalala pale pale chini, kwenye mkeka kando ya kitanda, bila kuvua viatu.

Wilkista alifika Jumatatu na mfuko wa nguo za kumtosha mwezi mzima. Jumanne Joab alimpeleka Monicah kliniki, na safari hii hakutoka nje. Kabla Sista Priscah hajaanza somo, Joab alisimama mbele ya watu kumi na wanane.

"Jumamosi nilimuumiza mke wangu," alisema. "Sikutaka. Nilikuwa nimechoka, na sikumwambia mtu."

Hakuna aliyemkemea. Mzee Kiptum, aliyekuwa akimuuguza mkewe kule Ndanai, alisogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Mimi nilimfokea wangu jana," mzee alisema polepole. "Kaa hapa."