Bata Waliokuja na Mke

"Toka!" alisema Mzee Koki.

Bata dume hakutoka. Alielea katikati ya tangi la samaki, kifua mbele, kama mgeni aliyekwisha kuoneshwa chumba chake.

Mzee Koki alikuwa fundi bomba maisha yake yote. Alipostaafu, mikono ilikataa kustaafu naye, ndipo akajenga mtambo uani: tangi la perege, na pampu ndogo ya kupandisha maji yao hadi kwenye masanduku ya kokoto. Humo saladi ilijinywea uchafu wa samaki kama mbolea, na maji yakarudi tangini yamechujika. Jembe halikuhitajika. Jirani akichungulia ukutani, alipewa maelezo hata kama alikuwa anatafuta kuku wake tu.

Kisha, baada ya ugane wa muda mrefu, akaoa. Bi Upawa, mjane aliyekuwa mpishi wa hospitali, alihamia na masanduku ya nguo na bata wanne. Kuhusu nguo walikuwa wamezungumza.

"Anakula vitoto vya samaki!" alilalamika Mzee Koki, akimsukuma bata kwa ufagio.

"Anaoga," Bi Upawa alijibu kutoka jikoni.

"Anaoga mdomo wazi?"

Ili kutuliza hasira, Mzee Koki alichuma jani la saladi akalipeleka mdomoni. Halikufika. Bi Upawa alitoka mbio na kumpiga kofi mkononi, jani likaruka.

"Unataka kufa? Bata akinyea tangini, maji yanapandisha mavi hadi kwenye saladi. Na saladi haipikwi! Nimepikia wagonjwa miaka mingi, mume wangu. Sikuolewa ili nianze kuwatengeneza."

Saladi yote iling'olewa ikatupwa. Mzee Koki alisimama mbele ya kokoto tupu kama mtu aliyenyolewa kwa nguvu, na ulimi ukamponyoka.

"Basi chagua. Bata wako au mtambo wangu."

Bi Upawa alijifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Nyumba yangu ilipokuwa kimya," alisema, "hawa ndio walioniamkia. Usinilazimishe kuchagua."

Akaleta kikapu, akatandika nyasi ndani yake. Mzee Koki alijikaza, akatazama pembeni. Alipogeuka, kulikuwa na kikapu cha pili, na hicho kilitandikwa gauni. Bi Upawa naye alikuwa anafungasha.

Hakuomba radhi, hakujua zilipo. Alichukua sululu.

Kulipokucha, majirani walimkuta ndani ya shimo. Kwenye pembe ya mbali ya ua, upande wa chini ambako maji hayawezi kurudi kwenye tangi, alizamisha hodhi kuukuu la kuogea alilopewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Akalifungia bomba la kutolea maji machafu hadi shinani mwa mpapai. Akazungusha uzio wa waya, na tangi la samaki akalifunika wavu.

Bi Upawa alimtazama kutoka mlangoni. Mwishowe alishuka.

"Ndoo ya huku isivuke kule," alisema.

"Haitavuka."

"Wala viatu. Na ukishika bata, unanawa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine."

"Hata wewe?"

"Hata mimi." Akakung'uta gauni lake kutoka kikapuni, akalirudisha ndani.

Bata walifunguliwa. Wakalitazama hodhi kama watu waliofika ofisini wakaambiwa subirini.

"Hawalijui," Bi Upawa alisema. "Waoneshe."

"Niwaoneshe nini?"

"Ingia."

"Nimevaa suruali!"

"Na wao wamevaa manyoya. Ingia, mume wangu."

Akaingia. Akaketi, maji yakamfika kifuani. Bi Upawa alichuchumaa ukingoni, akapiga kelele za bata kwa ufundi wa kutisha. Ndipo geti likafunguliwa.

Alikuwa binti yake Mzee Koki, ambaye tangu ndoa ile hakuwahi kukanyaga pale, na kwenye simu alimwita Bi Upawa "huyo mgeni wako". Alikuwa amekuja kuona kama baba yake yu salama.

"Baba?"

"Karibu, mwanangu," alisema baba, bila kuinuka.

"Baba, unafanya nini humo?"

"Shii! Usisogee."

Bata jike alikuwa ameweka mguu ukingoni. Wote watatu wakabana pumzi. Jike akatumbukia, akatulia kati ya magoti ya mzee. Wa pili akafuata. Kisha dume akajirusha kwa kishindo, akamlowesha mzee uso mzima, na kumdonoa sikio ili apishe.

Binti alikaza midomo. Haikusaidia. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha akashika uzio asije akaanguka.

"Umemwingiza wewe?" alimuuliza Bi Upawa, machozi yakimlenga.

"Kaingia kwa hiari yake," alisema Bi Upawa. "Au karibu na hiari."

Bata wa nne alikuwa amejibanza miguuni pa binti.

"Huyo mwoga," Bi Upawa alisema. "Mnyanyue, mbane mabawa taratibu."

Binti aliweka mkoba chini. Akainama na viatu vyake vya kazini, akampakata.

"Mama mdogo, anatetemeka huyu."

Bi Upawa aliinuka pale ukingoni, akamtazama. "Atatulia," alisema. "Usimharakishe."

Mzee Koki alikuwa bado anatafuta pa kushika ili ainuke. Binti hakumtazama. Bata alinyoosha shingo, akalaza kichwa kwenye kiwiko chake, na yeye akabaki amesimama vilevile, hata mkono ulipoanza kufa ganzi.